Mkuu wa Mabanda

"Usivute kwa hasira," Mzee Trevor alisema kutoka upande wa pili wa tuta. "Rubabu haijakukosea kitu."

"Sina hasira mimi."

"Basi hilo shina limevunjika kwa mahaba."

Lorraine Barraclough aliangalia kipande cha shina kilichobaki mkononi mwake, kingine kikiwa bado ardhini, akacheka akitaka asitake. Katika miaka thelathini na moja ya kazi hii alikuwa amevunja mashina machache sana, na asubuhi hii peke yake alikuwa amevunja matatu.

Alikuwa amepiga magoti kwenye njia nyembamba kati ya matuta mawili, ndani ya Banda la Tatu. Ilikuwa saa tatu asubuhi, mwezi wa Februari, na humo ndani giza lilikuwa kama la ndani ya gunia. Mishumaa saba tu ilikuwa inawaka, imechomekwa kwenye vyuma virefu, kila mmoja mbali na mwenzake, ikimsaidia mtu kuviona vidole vyake na si zaidi ya hapo. Ndivyo tunavyoilima rubabu, mmea wa mashina machachu yanayopikwa kama tunda, majira ya baridi huku kwetu upande wa Wakefield, kaskazini mwa Uingereza. Ikipigwa na mwanga inakuwa ya kijani na ngumu. Ikinyimwa mwanga, inarefuka kwa pupa kulitafuta jua lisilokuwapo, na mashina yake yanakuwa mekundu, laini, matamu kwa kastadi. Watu wa London huyanunua kwa bei ya nyama na kuyapiga picha kabla ya kuyala.

Kisu hakitumiki. Unashusha vidole viwili mpaka chini kabisa pale shina linapoungana na kisiki, unasokota kidogo, unavuta. Ukiwa na haraka linavunjika, na kipande kinachobaki huoza na kuwaambukiza wenzake. Kisiki chenyewe kimekaa shambani miaka miwili kikijiwekea nguvu. Kinaingizwa bandani, kinatoa kila kilicho nacho kwa wiki chache, halafu kinatupwa kwenye lundo la mbolea. Lorraine hakupenda kulitazama lundo lile, na alikuwa na sababu.

Sababu hiyo ilikuwa na jina: Kubanych. Alikuja kutoka Kirigizistani misimu mitatu iliyopita kwa kibali cha miezi sita, fanya kazi kisha rudi kwenu. Siku tatu za kwanza Lorraine alimjua kwa sauti tu. Mtu mmoja huko gizani alikuwa akivuta mashina huku akitaja mito ya Uingereza kwa mpangilio, kama mtoto anayesoma tarakimu. Kwao alikuwa mwalimu wa jiografia.

"Umeuruka Calder," Lorraine alimwambia siku ya tatu. "Unapita nyuma ya banda hili hili."

"Mdogo mno," sauti ikajibu. "Haumo kwenye kitabu changu."

"Basi kitabu chako hakina akili."

Siku ya nne walikutana nje kwenye mwanga wa mchana, kila mmoja akashangaa kuona kumbe mwenzake ana mvi. Kiangazi kilichopita Lorraine alipanda ndege mbili na basi moja mpaka Naryn, kwao Kubanych, akala kondoo wa kuchemsha pamoja na ukoo mzima, akaolewa. Akarudi peke yake.

Sheria yetu inasema hivi: Mwingereza akitaka kuishi hapa na mwenzi wake kutoka ng'ambo, lazima awe anapata pauni elfu ishirini na tisa kwa mwaka. Haiulizi kama mnapendana, wala kama mna nyumba, wala kama mume mwenyewe ana mikono miwili mizima ya kufanya kazi. Lorraine, kwa kuvuta rubabu majira ya baridi na kupalilia majira mengine yote, alikuwa anapata elfu ishirini na tano. Kwa maneno mengine, serikali ilikuwa imeipima ndoa yake ikaikuta haijatimia. Mwenye pesa anaweza kuoa popote duniani na kurudi na mke wake kwenye ndege ileile. Mimi sheria ya namna hiyo naiona ya kuaibisha, na sioni kwa nini nizungukezunguke kulisema.

Njia ilikuwa moja. Mzee Trevor, mkuu wa mabanda, alikuwa anastaafu mwisho wa msimu kwa ajili ya magoti yake, na mkuu wa mabanda hulipwa elfu thelathini. Kila mtu pale shambani alijua kwamba baada ya Trevor hakuna aijuaye kazi kumshinda Lorraine. Ilibaki yeye amwombe Bwana Sugden, mwenye shamba. Na hapo ndipo ulimi ulipomwia mzito.

"Ulimwendea Jumatatu?" Trevor aliuliza.

"Nilimwendea."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamuuliza kama kamba za kufungia zimefika."

"Na Jumatano?"

"Masanduku."

"Kwa hiyo mwezi huu una kamba, una masanduku, mume huna," alisema Trevor.

Mwisho wa banda kicheko kikasikika. Alikuwa Pauline, ambaye alfajiri husafisha madarasa ya shule ya msingi na kuanzia saa mbili yupo hapa nasi. "Mwache mwenzako, Trevor. Na wewe kumposa mkeo Doreen ulichukua miaka minne."

"Miaka mitatu na nusu. Tena kulikuwa na mgomo."

Lorraine alijifuta mikono kwenye koti. Lilikuwa koti la Trevor, kwa kweli, pamoja na kofia yake. Asubuhi alikuwa amekuja kwa baiskeli, theluji ya majimaji ikamlowesha mpaka chupi, na mzee akamvika vyake bila kumuuliza. "Leo," alisema. "Nikimwona leo namwambia."

"Leo anakuja na Mbunge."

"Basi kesho."

"Wee Lorraine!"

Mbunge alikuwa anakuja kwa sababu mwisho wa juma kuna tamasha la rubabu mjini, na wanasiasa hupenda kupigwa picha na kitu ambacho hakiwezi kuwajibu. Trevor alisimama, magoti yakalia, akasema anakwenda getini kuwapokea na kwamba njiani atapitia chooni maana kibofu chake hakina subira siku hizi. Mlango ulifunguka kidogo, ukafungwa. Lorraine akarudi kwenye mashina.

Hazikupita dakika mbili mlango ukafunguka tena. Viatu vizito vikaja mpaka mgongoni pake, mtu akachuchumaa karibu, na harufu ya tumbaku ya kiko ikamwambia ni Norman Sugden kabla hajafungua mdomo.

"Trevor," alinong'ona. "Sikiliza, wageni wako barabarani. Wakiuliza habari za watu wa kazi, niachie mimi. Na lile jambo la nafasi yako, usiliguse. Nimeshaamua. Sitaijaza."

Lorraine hakugeuka. Kofia ya Trevor ilikuwa imemfunika mpaka masikioni, na mshumaa wa karibu ulikuwa hatua sita nyuma ya Sugden.

"Mm," alisema, akiutoa mguno wa Trevor chini kabisa ya koo.

"Kazi yako ataifanya Lorraine, kwa mshahara wake uleule. Tayari anafanya nusu yake. Hatauliza, yule. Mwanamke mwema. Juzi alinifuata mpaka ofisini nikadhani leo kazi ipo, kumbe anataka masanduku." Akacheka kidogo, akampiga begani kirafiki, akainuka. "Kodi hizi zitatuua, Trevor. Ukipata pauni, serikali inataka kuishika kwanza."

"Mm," alisema Lorraine.

Viatu vikaondoka. Kisha Pauline, kutoka kule mwisho, akauliza kwa sauti ndogo sana: "Nimesikia nilichosikia?"

"Umesikia."

"Na umemwambia 'mm'?"

"Mara mbili," Lorraine alisema, na kicheko kikampanda akakizuia kwa ngumi mdomoni. Nyuma ya kicheko kulikuwa na kitu kingine, kizito, kilichoyafanya masikio yake yawake moto. Hatauliza, yule. Miaka thelathini na moja, na mtu amejifunza kwake jambo hilo moja. Aliona uchungu, tena uchungu mkali, na ajabu ni kwamba uchungu ule ulimpa wepesi. Akavuta shina moja. Likatoka zima, refu, na jani lake dogo la njano juu.

Wageni waliingia watatu wakiongozwa na Sugden na Trevor. Mbunge, Julian Lathbury, alikuwa mrefu mwenye sauti ya redio. Nyuma yake alikuja kijana wa kumbebea mafaili, na nyuma ya huyo Saima, mwandishi wa gazeti la wilaya. Huyu tunamjua, baba yake ana duka la mazulia pale karibu na kituo cha treni. Mlango ulipofungwa wote watatu wakasimama kama ng'ombe waliofika mtoni usiku.

"Sioni kitu," alisema Mbunge kwa uchangamfu.

"Ngoja macho yazoee, Mheshimiwa," Trevor alisema.

Kijana wa mafaili hakungoja. Akatoa simu, akawasha taa.

"TAA!" Sauti nne zilipiga kelele kwa pamoja, ya Pauline ikizidi zote. Kijana akaiangusha simu kwenye samadi. Trevor akaikalia kwa haraka ambayo magoti yake hayakuwa nayo tangu mwaka jana.

"Samahani," alisema kijana gizani.

"Usiombe radhi kwangu, iombe rubabu," alisema Trevor, na Mbunge akacheka kicheko cha kweli, na hali ikalegea kidogo. Si mtu mbaya, Lathbury. Ni mtu aliyezoea kusema mambo bila mtu kuyashika na kuyageuza upande wa pili.

Saima alikuwa na kinasa sauti. Akaifunika taa yake nyekundu kwa kidole gumba, akauliza swali lake la kwanza: shamba linapataje watu siku hizi?

"Hatupati," Sugden akadakia. "Andika hivyo. Waingereza hawataki kuinama. Wa nje wanapunguzwa. Na mimi hapa katikati nakamuliwa kodi."

"Naelewa kilio chako, Norman," alisema Mbunge, na sauti ya redio ikapanda. "Lakini ndiyo maana tumekaza masharti. Kwa miaka mingi nchi hii ilileta watu kwa bei rahisi, mwenyeji akaachwa. Tukiinua kizingiti, mwajiri atamgeukia mwenyeji, tena kwa mshahara wa heshima. Huo ndio mpango mzima. Mtu wa hapa hapa, mwenye ujuzi, alipwe vizuri."

"Basi ni mimi," alisema Lorraine.

Mbunge aligeuka kuelekea mshumaa usiokuwa karibu na msemaji. "Nani anazungumza?"

"Huku chini, Mheshimiwa. Lorraine Barraclough. Nimezaliwa nyumba ya tatu kutoka kanisani. Naivuta rubabu hii mwaka wa thelathini na moja. Ndiye huyo uliyemtaja, mtu wa hapa hapa, mwenye ujuzi. Trevor anaondoka mwisho wa msimu, na mimi naomba nafasi yake. Kwa mshahara wake."

Alisema yote kwa pumzi moja. Ombi lilikuwa limeshatoka, na halikuwa kamba wala masanduku.

"Lorraine," alisema Sugden polepole, "hayo si ya leo. Tutazungumza ofisini."

"Tumeshazungumza, bosi. Dakika ishirini zilizopita. Umenichuchumalia hapa hapa ukaniambia nafasi hujazi, kazi nitaifanya mimi kwa mshahara uleule kwa sababu mimi sijui kuuliza."

"Nilimwambia Trevor hayo!"

Neno lilipokwisha kumtoka ndipo alipolisikia.

"Ulimwambia Trevor nini hasa, Bwana Sugden?" Saima aliuliza kwa upole wa muuguzi.

"Mimi nilikuwa chooni," alisema Trevor. "Kwa kumbukumbu zako."

Pauline alikuwa amejiziba mdomo kwa kitambaa. Mabega yake yalionekana yakitikisika hata kwa mwanga ule. Sugden alikohoa, akalishika tena lile la kodi maana ndilo alilokuwa nalo karibu. Alisema serikali imeongeza mzigo kwa kila anayemwajiri, na kwamba elfu thelathini si mchezo. Alisema watu wanadhani mwenye shamba analala juu ya magodoro ya noti.

"Sidhani hivyo," alisema Lorraine. "Ila nina swali, bosi, na Mheshimiwa yupo atanisaidia. Masika iliyopita uliliuza shamba la chini kwa wale wenye maghala. Pale baa ulituambia mwenyewe: katika kila pauni mia za faida, serikali imechukua ishirini na nne. Ulilalamika mpaka baa ikafungwa."

"Ni wizi mtupu," alisema Sugden.

"Mimi nikifanya saa za ziada, katika kila mia nakatwa kodi na bima ya taifa, jumla ishirini na nane. Shamba lile halikuinama hata siku moja. Halijaumwa kiuno. Lilikaa tu likangoja maghala. Sasa Mheshimiwa, nyinyi ndio mnaoandika haya. Nieleze kama mtu mjinga: kwa nini mgongo wangu unakatwa zaidi ya udongo uliolala?"

Mbunge alivuta pumzi. "Hilo," alisema, "ni suala lenye pande nyingi."

"Naomba upande mmoja tu," alisema Saima. "Wowote."

Sijui ni nani aliyecheka kwanza, maana kila aliyekuwepo hunisimulia kwamba ni yeye. Ninachojua ni kwamba hata kijana wa mafaili alicheka, na Mbunge, akiwa mtu wa kujua upepo, akaona njia moja tu ya kutoka mle akiwa na heshima zake, nayo ilipita juu ya Norman Sugden.

"Norman," alisema, "mimi nadhani huyu mama ndiye habari njema yenyewe. Mwenyeji, mwenye ujuzi, anapandishwa cheo. Ningependa gazeti liandike kwamba nimelishuhudia kwa macho yangu." Akasita. "Kwa masikio yangu."

Tuseme ukweli, Sugden si mnyama. Ni mtu wa kubana tu, na baba yake alikuwa hivyo. Tena alijua, kama sisi sote, kwamba Lorraine akienda kwa jirani mabanda yale yatabaki na mshumaa bila mtu wa kuushika.

"Elfu thelathini," alisema hatimaye. "Kuanzia Machi. Na Trevor akufundishe boila ya kupasha mabanda joto, maana boila huijui."

"Boila naijua kuliko Trevor."

"Ni kweli," alisema Trevor.

"Basi lete mkono."

Akanyoosha mkono gizani, akaukamata mkono, akautikisa kwa nguvu. "Hongera," alisema.

"Ahsante," alijibu kijana wa mafaili.

Ilibidi Trevor aje, amshike kila mmoja kifundo cha mkono na kuwaunganisha, kama mchungaji kanisani. Lorraine alihisi kiganja cha Sugden kikavu na cha baridi. Akakishika sekunde moja zaidi, ahakikishe kweli kipo.

"Na sasa, Bi Lorraine," alisema Mbunge, akifurahia mambo yalivyomwendea, "nyongeza hii utaifanyia nini? Likizo ya jua kidogo?"

"Nitamleta mume wangu."

"Oh. Yuko wapi?"

"Naryn. Kirigizistani. Alikuja kwa kibali cha msimu, akavuta rubabu hii hii mnayokula huko bungeni, mkamrudisha. Mkasema mpaka nifikishe elfu ishirini na tisa. Sasa nimefikisha, Mheshimiwa, na umeshuhudia."

Saima aliondoa kidole kwenye taa nyekundu ya kinasa sauti, akakirudisha upesi.

"Nimekuja hapa," alisema Mbunge, kwa sauti ya chini ambayo haikuwa ya redio kabisa, "kusema idadi ya wanaoingia lazima ipungue."

"Na umeongeza mmoja," alisema Trevor. "Si vibaya kwa asubuhi moja."

Lathbury akacheka, hakuwa na budi. Lakini Pauline hakucheka. Alikuwa amekuja karibu na sanduku lake mikononi, na wote wakamsikia akilitua chini.

"Mimi ni Pauline," alisema. "Nasafisha shule, halafu naja hapa. Kazi mbili, na hiyo elfu ishirini na tisa siifikii. Nimefurahi kwa ajili ya mwenzangu, nimefurahi sana. Ila nafasi ya Trevor ni moja. Ningempenda mimi mtu wa huko, Mheshimiwa, nani angestaafu kwa ajili yangu?"

Mbunge aliondoka na sanduku la rubabu alilopewa, akagonga kichwa kwenye kizingiti cha juu cha mlango ambao Trevor alikuwa amemwonya mara mbili kwamba ni mfupi. Saima alibaki nyuma kidogo kumwomba Pauline jina lake kamili na namna linavyoandikwa.

Walipokwisha kwenda, Pauline akamkumbatia Lorraine pale kwenye njia nyembamba, koti la Trevor likiwa katikati yao. Lorraine alikuwa bado analifikiria swali lile. "Najua," alisema tu.

"Najua unajua. Sasa nivulie hilo koti la mzee, linanuka kama mbwa."

Saa kumi jioni, kazi ilipoisha na wengine kuondoka, mkuu mpya wa mabanda alichukua mshumaa mmoja akaenda peke yake Banda la Sita, ambalo boila yake iliwashwa siku tano nyuma. Visiki vilikuwa vimepangwa sakafuni ukuta kwa ukuta, vyeusi, vimeshikana, bila shina hata moja juu yake. Aliuchomeka mshumaa karibu na mlango, akatembea mpaka katikati, akaketi. Alipiga simu akiwa ameuficha uso wa simu ndani ya sweta, sikio moja likiwa limezama shingoni mwa sweta lenyewe. Huko Naryn ilikuwa saa nne usiku. Kubanych alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Elfu thelathini," alisema Lorraine. "Kuanzia Machi."

Alimsikia akiketi. Kisha akamsikia akiwaambia watu wengine chumbani kwa lugha yake, na kelele za dada, shemeji na mama mkwe zikaja zote kwa mpigo hata akalazimika kuliondoa sikio. Alipolirudisha, mume wake alikuwa ametoka nje, upepo ulisikika.

"Nani alimwambia Sugden?"

"Mimi."

"Wewe? Kwa mdomo wako?"

"Kwa mdomo wangu. Nitakusimulia yote, utacheka mpaka uanguke. Lakini sikia kwanza. Wanataka hati sita za mshahara. Miezi sita. Halafu wakae na makaratasi yetu, na hapo hawana haraka. Krismasi, labda. Labda baada ya hapo. Wanaweza kubadilisha sheria kesho asubuhi wakinywa chai."

"Wanaweza," alisema Kubanych.

Upepo wa Naryn ulivuma ndani ya sweta.

"Uko wapi sasa?" aliuliza.

"Banda la Sita."

"Limeanza?"

Lorraine alitega sikio. Mwanzoni hakusikia kitu ila boila. Kisha, upande wa kushoto karibu na ukuta, *pak*. Kimya. *Pak*, tena, mbali zaidi; halafu mbili kwa pamoja nyuma yake. Ni machipukizi, yanapopasua ganda yakitoka. Yakipata joto na giza hukua haraka hivyo, mpaka mtu aliyetulia huyasikia.

"Limeanza," alisema. "Usizungumze."

Akaitoa simu ndani ya sweta, akaigeuza uso chini asije akavujisha mwanga, akailaza kati ya visiki viwili. Banda zima lilikuwa linapasuka sasa, huku moja, kule moja. Kutoka kwenye simu halikuja neno, ila pumzi ya mtu anayesikiliza. Lorraine alingoja kidogo. Kisha akapiga magoti, akaisogeza taratibu, karibu zaidi na kisiki kilichokuwa kikilia kuliko vyote.